Kasa Wanamwona Kila Siku, Mimi Je?

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeamua. Mwezi huu hauishi kabla sijakanyaga visiwani. Wenye kusema na waseme.

Watu nimewaambia nataka kumwona papa potwe. Fundi friji naye ana haki ya kupenda viumbe! Ukweli nauandika hapa tu: namtaka mke wangu. Yuko kule tangu mvua zilipokatika, analinda mayai ya kasa kwenye kisiwa cha mwisho kabisa, ambako hifadhi haitaki kuona paka, panya wala mtu asiye na kibali. Kitanda kimekuwa kikubwa kama uwanja. Bado nalala upande wangu uleule, kwa adabu, na mto wake naukumbatia. Mama mkwe, ambaye ninaishi naye na ambaye haoni haya kuona kila kitu, amesema mto huo unahitaji kufuliwa. Nimekataa. Una harufu yake.

Asubuhi nimekwenda ofisi ya hifadhi, pale gatini. Bi Karani kasema vibali vya wageni vimejaa mpaka mwakani. Kauliza nataka kwenda kuona nini. Nikasema kasa. Kauliza kasa gani. Nikasema wale wakubwa. Mapezi alikuwepo. Alicheka mpaka akashika meza.

Huyu Mapezi ni mpiga mbizi wa hifadhi. Boti ikienda visiwani, naye yumo. Ana mabega. Simpendi.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango wa kwanza: kujitolea kuhesabu samaki kwenye matumbawe. Wanaojitolea hawapangi foleni ya vibali. Wanafanya mtihani wa kuogelea tu. Tu! Na mtahini ni nani? Mapezi.

Nilijitosa kwa mbwembwe. Nikazama kwa mbwembwe zilezile. Alinitoa kwa kunishika ukosi wa shati. Huku natema maji ya chumvi, akaanza kunipa habari ambazo sikumwomba. Eti mke wangu alimwonyesha nguva na mtoto wake wakila majani ya bahari. Eti samaki aina ya taa wanaruka juu ya maji mbele ya kambi, wakubwa kama milango. Eti mke wangu akitembea ufukweni huwa anaimba.

Anaimba! Nyumbani alikuwa anaimba akikaanga vitunguu tu. Nilidhani ule wimbo ni wa jikoni kwetu.

Nimerudi nimelowa chapachapa, nikakaanga vitunguu. Mama mkwe kauliza ni vya kupikia nini. Nikaongeza mafuta.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku ya redio. Kila Alhamisi sisi wenye watu wetu kisiwani tunaruhusiwa kuzungumza nao kutoka ofisini. Spika iko ukutani, ofisi nzima inasikia. Ukitaka kumbembeleza mkeo, unambembeleza mbele ya Bi Karani.

Sauti yake ikaja na mikwaruzo. Nikasahau yote niliyoyapanga. Nikamwambia friji ya jirani imepona. Akasema vizuri. Kisha akaniomba wiki hii nisifanye ujanja wowote. Nitulie nyumbani, hasa Jumapili. Nikauliza Jumapili kuna nini. Akasema nitulie tu, akampisha mwenzake.

Nitulie! Mtu asiye na siri anamwambia mumewe atulie? Na Jumamosi Mapezi anasafiri. Damu inanichemka.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mpango wa pili. Huu ni moto!

Kila kinachokwenda visiwani lazima kigandishwe kwanza. Mabegi, mahema, magunia ya unga, vyote vinalazwa siku kadhaa kwenye friza kubwa ya chumba cha ukaguzi, ili sisimizi na mbegu za huku zife. Wanasema sisimizi wetu wakifika kule watamaliza makinda ya ndege wa baharini. Kwa hiyo friza ikifa, boti haing'oi nanga. Na fundi wa friza ile, mji mzima, ni nani? Msemaji wenu.

Nikapita kusalimia. Bi Karani alipoinuka kwenda kuchemsha chai, nikalegeza waya. Mmoja tu, tena kwa upole. Kesho wataniita mbio. Nitaitengeneza, nitakataa malipo, nitaomba kiti kimoja botini. Nimeshanyoa ndevu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Wameniita! Nimewakuta roho juu. Nikafungua hata skrubu zisizohusika, nikaguna, nikauliza kwa ukali ni nani aliyegusagusa. Friza ikanguruma. Nahodha wa boti akanikumbatia. Nikaomba kiti. Akanipa palepale!

Kisha akaeleza kwamba mizigo imeyeyuka, lazima igandishwe upya, kwa hiyo boti itaondoka Jumanne. Akanipa pole. Pole ya nini? Akasema basi hakuna siri tena: mke wangu alikuwa arudi na boti hiihii. Kesho, Jumapili. Alipewa likizo ya siku mbili, akawaomba wote wanyamaze ili anishtukize. Sasa likizo hiyo ndiyo imekwisha. Jumanne lazima awe kwenye zamu, mayai yanaanza kuanguliwa.

Nikaanza kuzikaza upya skrubu zilizokwisha kukazwa.

Nyumbani nimekuta shuka mpya kitandani na mama mkwe kasuka nywele. Alijua. Hata Mapezi alijua! Nimemwambia mama mkwe boti imeahirishwa. Kauliza kwa nini. Nikasema mambo ya umeme.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimetulia nyumbani, kama nilivyoagizwa. Shuka mpya, mtu mmoja. Nina hamu naye. Leo sina mzaha.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Begi langu lilikuwa kwenye friza tangu Jumamosi, safi kabisa. Kilichobaki ni kupanda boti. Hata mtoto angeweza.

Lakini asubuhi nikauona mto wake. Mapezi aliwahi kusema kule analalia koti alilolikunja. Mke wangu, koti! Na mto haukuwa umegandishwa. Nikauficha ndani ya shati.

Bi Karani akanipiga brashi soli za viatu, akapekua mifuko, kisha akalitazama tumbo. Kauliza limeanza lini. Nikasema ni shibe. Mapezi akapita akanigonga kwa utani, kama anavyomgonga kila mtu. Mshono ukaachia. Sufi ikaruka chumba kizima, na mbegu zake nyeusi zikadondoka sakafuni, moja moja, mbele ya mabango yanayokataza mbegu.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nahodha hakufoka, ndiyo mbaya zaidi. Alinionyesha mlango tu.

Mapezi akabaki nyuma kunitoa sufi kichwani. Kauliza kama nina ujumbe. Nikafungua mdomo, maneno yakakwama. Akasema basi, atamwambia hivyo hivyo. Boti ikaondoka, nami nikasimama gatini na foronya mkononi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Redio. Mapezi kamweleza kila kitu. Mke wangu akauliza kama mto ulikuwa wake au wangu. Nikasema wake. Mikwaruzo mitupu. Kisha akasema mimi ni mjinga, ujinga wangu hauna dawa, na ana hamu nami mno. Anaimba ufukweni ili asilie. Spika ukutani, ofisi nzima inasikiliza! Bi Karani alijifanya ana mafua.

Amepewa likizo nyingine. Atakuja na boti ya wiki ijayo, mradi friza iwe nzima na ratiba isivurugike. Akaniapisha nisiguse kitu chochote. Nikaapa, mbele ya mashahidi.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Nimetulia. Nimeushona mto, nimeujaza sufi mpya. Mama mkwe kaniangalia, akaurudisha mto kitandani mwenyewe.

Jioni nimepita ofisini, kusalimia tu. Friza inanguruma vizuri. Au vizuri mno? Kwa ndani kuna kasauti kadogo, kama mtu anayesafisha koo. Wengine hawakasikii. Ikifa kabla ya boti, haji. Siwezi kubahatisha, si safari hii.

Kesho Bi Karani akienda kuchemsha chai nitaifungua kidogo. Nikaze waya mmoja tu, kwa upole.