Jinsi Nilivyoutangaza Mkate wa Shangazi

Jumamosi, 17 Januari

Nimepewa simu! Si ile yangu iliyopasuka kioo, ni ya shangazi, lakini tangu leo inakaa mfukoni mwangu. Mimi Simai, umri miaka thelathini na mbili, ni Mkuu wa Matangazo wa mikate ya ufuta ya Bi Mwanakheir, Kikwajuni. Cheo nimejipa mwenyewe. Shangazi alisema tu, "Haya chukua, ila usinharibie."

Sababu ni hii. Hoteli moja ya Uroa inataka mikate sitini kila asubuhi. Msimamizi wa jiko lao, Bwana Borafya, ataonja Alhamisi na kuamua Ijumaa: ama shangazi, ama Mahfoudh wa Michenzani. Anasema wageni wa siku hizi hula kwa simu kabla ya kula kwa mdomo, kwa hiyo atatazama na kurasa zetu za mtandaoni. Mahfoudh ana wafuasi elfu kumi na mbili. Shangazi hana hata ukurasa.

Jambo lenyewe si mzaha. Shangazi amepika miaka thelathini na moja, magoti yamechoka. Akiipata hoteli, atawaajiri wanawake wawili wakae motoni badala yake. Akiikosa, atazima jiko ahamie kwa mwanawe Pemba, na nyumba itapangishwa. Nyumba hiyo ndimo ninamolala. Amenikumbusha mara mbili.

Jumapili, 18 Januari

Nimefungua ukurasa. Wafuasi wanne. Mmoja ni mimi.

Kwenye video zake Mahfoudh hucheza na mkate kichwani. Jana jioni nilimwomba shangazi naye acheze, kidogo tu. Alinitazama mpaka nikaomba radhi. Akasema hata picha yake hataki, watu wana macho, na mkate ukishatiwa kijicho hauumuki tena. Tukakubaliana nipige mikono, uso hapana.

Basi leo alfajiri nimepiga mikono. Kuni zilikuwa mbichi. Nimepata video ya dakika tatu, moshi mtupu. Mtu mmoja ameandika chini yake kuuliza kama wote tumetoka salama. Mzee Ismail, muadhini wetu, amekuja mbio na ndoo mbili za maji. Nilimweleza kwa upole kuwa ni tangazo, lakini ndoo ya kwanza alikwisha kuimwaga. Mikate kumi na minane imeloa.

Jumatatu, 19 Januari

Shindano! Andika "Naupenda ufuta", waite wenzako watano, upate mikate mitano bure. Ili kuchangamsha baraza nimefungua akaunti kumi na moja za majina ya uongo. Iliyopendeza zaidi ni ya Warda wa Chake, picha ya waridi jekundu.

Baada ya Magharibi nikachagua mshindi kwa haki kabisa, nimefumba macho. Ameshinda Warda. Mikate mitano nimeila kwa niaba yake.

Wafuasi sasa ni arobaini na mmoja. Nikijitoa mimi na akaunti zangu, wanabaki ishirini na tisa. Watatu kati yao wamemposa Warda. Mmoja ni fundi wangu wa viatu, ambaye ana wake wawili. Nimesikitika sana kwa ajili yao.

Jumatano, 21 Januari

Uvumbuzi mkubwa! Niandike polepole usinitoroke.

Mtaa wetu una kundi la wasapu, watu mia mbili na hamsini, kiongozi wake jirani yetu Bi Biasha. Asubuhi nilitia humo tangazo la mikate. Waliojibu ni wawili, na mmoja alikosea kundi. Saa nne ikaletwa tanzia ya mzee wa Makunduchi ambaye hapa hakuna anayemjua. Nusu saa haikupita, majibu mia moja na themanini! Ikapelekwa kundi hili na lile mpaka ikanirudia mimi mara sita, ya mwisho ikitokea Muskat.

Nikakaa nikafikiri. Tangazo la biashara watu wetu hulipita kama hawakuliona. Tanzia haipitwi. Mtu ataacha sufuria motoni, asome nani kafa na anazikwa saa ngapi, amjue asimjue atakwenda. Mahfoudh na kucheza kwake kote hajaligundua hili. Kwa furaha sikula chakula cha mchana. (Si kweli, nimekula, lakini haraka.)

Alhamisi, 22 Januari, asubuhi

Shangazi ameondoka saa moja kwenda Uroa na kikapu cha mikate ya kuonjwa. Simu ninayo mimi. Ameniachia mikate arobaini niuze na dua nyingi.

Saa mbili nimetuma. Mstari mweusi pembeni, neno TANZIA juu, halafu: "Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha NJAA YA ASUBUHI, kilichotokea leo nyumbani kwa Bi Mwanakheir, Kikwajuni. Marehemu ameacha chai ya maziwa, maharage ya nazi na mikate ya ufuta. Nyote mnakaribishwa." Aya ya msiba sikuitia. Mzaha una mipaka yake.

Tanzia nzuri lazima iwe na picha ya marehemu. Njaa haina picha. Nimetia ya shangazi, ile ya arusini, ametabasamu. Akiulizia kijicho nitamwambia watu mia mbili na hamsini si wengi.

Saa tatu. Simu inalia kila dakika! Nimeizima sauti. Nijinyooshe kidogo kabla wateja hawajafika.

Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Niliamka saa tano kwa zogo la watu. Kuchungulia, nje wamejaa! Wanaume kutoka mlangoni mpaka kona, wanawake wanapita uani, mabuibui matupu. Nikatokwa na machozi ya shukrani. Hayo machozi ndiyo yaliyoniponza, maana nilipotoka mlangoni kila mmoja alinikumbatia. Nikawaambia ahsanteni, sikutegemea mngekuja wengi hivi. Wakasema alikuwa mtu wa watu. Nikasema kweli, na muda huu yuko Uroa.

Wakatazamana. Mzee Ismail akaniuliza, "Kwa hiyo hajaletwa?"

Nikamwambia bado, ila Adhuhuri au Alasiri atakuwa hapa. Akawageukia watu akasema basi liende gari likamchukue. Niliona ni heshima kubwa, mpishi kupelekewa gari. Vijana wanne wakaondoka nalo.

Nikagawa mikate yote arobaini, bure, kwa moyo safi. Mahfoudh naye alikuwapo, amekaa kwenye mkeka na macho mekundu, mkate ameushika tu mkononi. Nikajua ni wivu.

Lilipoletwa jeneza kutoka msikitini ndipo nilipouliza nani amekufa.

Bi Biasha akatoka na simu yake akanionesha. Picha ya shangazi, mstari mweusi, neno TANZIA. Chini, penye njaa na maharage, pamekatwa. Amekata yeye mwenyewe. Maandishi yalikuwa madogo na miwani hakuwa nayo, na habari ya msiba haingoji miwani. Hivyo ndivyo ilivyokwenda mtaa mzima, na Michenzani, na Muskat.

Ndiyo kwanza naanza kueleza, mbele ya watu mia mbili na zaidi ambao wenzao walikwisha chimba kaburi, shangazi akatokea kona na kikapu kitupu. Gari lilipishana naye njiani.

Aliliona jeneza mlangoni mwake. Wanaume wawili wakaondoka bila viatu. Shangazi wala hakuwatazama, alitupa kikapu akapiga yowe: "Simai! Simai wangu weye!"

Alidhani ni mimi. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na magoti yake yale, akalia akisema mwanangu hata chai sikumwachia. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Sijapata kuliliwa na mtu maishani. Iliniuma hasa, nikatoka.

Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, akanibusu paji. Halafu watu wakamweleza. Kiatu cha kwanza kilinipata sikioni.

Ijumaa, 23 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Ismail amenisimamisha mbele ya watu kuomba radhi. Nimeomba. Wachimba kaburi wakasema radhi wameipokea, ila shimo nikalifukie mwenyewe. Nimefukia. Malengelenge manne, mawili kila mkono.

Habari mbaya zaidi imekuja mchana. Wale vijana wanne walifika hotelini jana wakaomba wakabidhiwe maiti ya Bi Mwanakheir. Bwana Borafya, aliyemsindikiza shangazi getini mzima wa afya saa moja kabla, aliketi juu ya gunia la unga. Akaamini amefia njiani. Akampigia Mahfoudh kumpa kazi.

Imekwisha. Shangazi hakunigombeza. Anakunja kanga zake moja moja na kuzipanga sandukuni. Nimemfulia mataulo ya jikoni yote bila kuambiwa na nimekaa nje najuta.

Nimeangalia ukurasa. Wafuasi elfu moja mia moja na sita! Nilitaka kumwambia. Nikaona si wakati wake.

Jumamosi, 24 Januari

Mahfoudh amekuja asubuhi. Nikajua amekuja kutucheka. Kumbe amekuja kusema kazi ya Uroa ameikataa. Amempigia Bwana Borafya kumwambia Bi Mwanakheir yu hai, na kwamba yeye Mahfoudh kuumua unga alifundishwa na Bi Mwanakheir huyo huyo, hawezi kumpokonya riziki mwalimu wake. Shangazi alimwombea dua ndefu, akalia tena. Mimi sikudanganyika. Mtu mwenye wafuasi elfu kumi na mbili hafanyi jambo bure.

Shangazi akaona bora aende Uroa mwenyewe aonekane. Nimefuatana naye kubeba kikapu, kwa sharti nisifungue mdomo. Bwana Borafya alimtazama kwanza miguu, kama ina kwato. Alipoona ni ya binadamu akaonja mkate. Akaonja wa pili. Akampa wiki mbili za majaribio kuanzia Jumatatu. Ila alisema waziwazi: kisanga kingine kimoja tu na mambo yamekwisha, kwa sababu hoteli ni ya shemeji yake, kaka wa mkewe Bi Zeyana, na Bi Zeyana ni mtu asiyependa mchezo.

Niliwapiga picha ya kumbukumbu kwa simu yangu. Shangazi upande mmoja wa kikapu, Bwana Borafya upande wa pili, wote wawili wanacheka. Picha nzuri mno.

Njiani shangazi amechukua simu yake. Nimebaki na yangu, kioo kimepasuka. Ukurasa unafunguka vilevile.

Jumanne, 27 Januari

Siku mbili, mikate mia moja na ishirini, haukurudi hata mmoja. Wale wanawake wawili wameanza kazi. Shangazi amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anaelekeza kwa mwiko. Leo amesikika akiimba. Sanduku limerudi chini ya kitanda na Pemba haitajwi.

Nami nimekaa nikajipima kwa dhati, kama mtu mzima. Kosa langu lilikuwa moja tu: huzuni. Watu hawapendi kuhuzunishwa bure. Sasa huu ni mwezi wa Shaabani, kila nyumba inawahi kuoza mabinti kabla ya Ramadhani, na kadi za arusi zinazunguka kwenye simu kuliko hata tanzia. Nani amewahi kukasirikia kadi ya arusi?

Nimeitengeneza usiku kucha. Maua ya dhahabu pembe zote nne. "Kwa furaha kubwa tunatangaza ndoa ya MKATE WA UFUTA wa Kikwajuni na JIKO LA HOTELI, Uroa." Ilihitaji picha ya bibi na bwana arusi. Mkate hauna uso, jiko halina uso. Nikatia ile ya kikapu. Na nimejifunza kwa yaliyopita: herufi safari hii ni kubwa, Bi Biasha asome hata bila miwani. Kwa ukubwa wake yameingia maneno mawili tu juu ya picha, "ARUSI UROA", mengine yote yamekwenda ukurasa wa pili.

Nimeituma saa mbili. Kufika saa tatu pongezi mia tatu na kumi! Mahfoudh anipate sasa. Bi Biasha amepiga vigelegele mpaka nimevisikia ukutani. Mzee Ismail amekuja mlangoni, ameniambia kwa sauti ya chini kwamba amefurahi, lakini angependa kujua mke mkubwa ameridhia. Sikumwelewa. Uzee.

Saa tano kasorobo. Gari limesimama nje, jina la hoteli ubavuni. Ameshuka mama mmoja mrefu, simjui, amejifunga kibwebwe, hajasalimia mtu. Anaulizia nyumba ya bibi arusi. Mteja wa kwanza wa tangazo, tena katoka Uroa! Nimemfungulia mlango mwenyewe, nimemwambia apite moja kwa moja, shangazi yupo jikoni.