Msumari wa Sebuleni na Picha ya Bwawa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka studio, nimekuta msumari wangu umeporwa! Msumari wa sebuleni, juu ya kochi, ule uliobeba picha yangu nikikabidhiwa cheti cha upigaji picha. Sasa umebeba picha ya bwawa la mji. Mpigaji ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Fundi bomba! Kaipiga kwa simu siku alipokwenda kutengeneza pampu. Mimi na cheti changu tupo stoo, tumegeuzwa uso ukutani.

Nimeuliza kulikoni. Mke wangu akasema picha ya kaka yake inampumzisha macho. Miaka kumi na tisa napiga picha za pasipoti, sikuwahi kuambiwa nimempumzisha mtu hata jicho moja. Roho imeniuma, chai sikuimaliza.

Jumanne, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Ofisi ya maji imebandika tangazo: inatafuta picha ya bwawa ya kutundika ukutani, pale wateja wanapopanga foleni. Mwisho Jumatatu ijayo. Nimemwambia mke wangu nitashinda. Akasema sawa, atakayeshinda apewe msumari na maneno yaishe. Mama mkwe, aliyekuja kuazima pasi, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga studio, nikaenda bwawani saa sita mchana. Kwa nini saa sita? Kwa sababu mwanga ni mwingi, na mwanga ndiyo picha. Matokeo: maji meupe, mbingu nyeupe, tuta jeupe. Nimeigeuza mara tatu nikitafuta juu ni wapi.

Shemeji naye anashindana. Mke wangu kanipa habari hiyo akiwa anatabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekwenda alfajiri. Ukungu juu ya maji, na korongo kasimama pembeni peke yake. Kanuni zangu za studio ni tatu: kichwa katikati, masikio yote mawili yaonekane, kivuli marufuku. Korongo nikamweka katikati kabisa. Masikio nimeyatafuta, nikayasamehe. Nikamwomba ainue kidevu kidogo. Kivuli chake majini kikanikera, nikawasha ile taa kubwa ya studio niliyoibeba begani njia nzima.

Picha ni ukungu mweupe pe, na katikati mguu mmoja unaondoka.

Jioni shemeji kapita nyumbani. Kwa heshima zote kaniomba nimpe mawili matatu, maana yeye anabahatisha tu na mimi ndiye mwenye cheti. Nimemwambia aje kesho. Usiku mzima nimefurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Leo nimekitia mchanga kitumbua cha shemeji. Nimemwambia ule mstari maji yanapokutana na mbingu asiuweke katikati, ausukume juu kabisa. Mbele ajaze mawe, yale yaliyoota kuvu. Asimame jua likiwa ubavuni, kila jiwe litoe kivuli. Halafu apunguze mwanga kwenye simu mpaka mawingu yawe meusi. Yaani kila ninachokikataza studio!

Aliandika yote nyuma ya risiti ya koki. Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimeona haya, kama dakika moja hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilitaka kumwona akiharibikiwa kwa macho yangu. Nimeondoka kabla ya jua. Mke wangu kanikimbilia mlangoni na koti lake jekundu, nisije nikapata kifua. Nimemwambia nakwenda mazoezi.

Nimejificha kwenye matete, ng'ambo ya bwawa. Ili nisionekane ilibidi niiname, na ili nione ilibidi nigeuke, basi nikawa nimeinama na kuchungulia kwa chini, katikati ya miguu yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shemeji kapanga mawe yake, kachuchumaa, kapiga picha moja. Moja tu! Kisha kaenda kuziba bomba la mtu. Mimi mgongo uligoma kunyooka mpaka saa nne.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepeleka kazi yangu. Pampu ya bwawa, katikati, hakuna kivuli hata kimoja. Nyuma yake nilifuta vurugu zote kwa kompyuta na kuweka buluu safi ya studio. Karani kauliza bwawa liko wapi. Nimemweleza kwamba lilikuwa linavuruga.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji kashinda. Nashindwa hata kuandika. Nimeandika.

Meneja wa ofisi ya maji kasimama mbele ya watu wote, kasema jicho linaanzia kwenye mawe, linavuka maji, linapita vivuli, mpaka linamfikia yule mtu mdogo mwekundu kwenye matete, aliyeinama kwa unyenyekevu kuyashukuru maji. Kasema huyo ndiye aliyeipa picha uhai. Watu wakapiga makofi.

Nikasogea. Koti nalijua. Makalio nayajua! Mke wangu naye kayajua, kauliza kwa sauti mazoezi yalikuwaje. Mama mkwe ilibidi aletewe kiti. Shemeji kaapa hakujua, yeye alidhani ni ndoo iliyosahauliwa. Halafu kawatangazia wote kwamba yote aliyofanya kafundishwa na mimi, akanikumbatia. Nilitamani awe mtu mbaya, angalau kidogo.

Nakala kubwa ya picha hiyo sasa ipo juu ya kochi. Mke wangu kasema ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote.

Jumapili, 16 Machi

Nimeitazama siku mbili. Hatimaye nimegundua kosa la shemeji: kaniweka pembeni!

Leo wote walipotoka nimeishusha, nimekwenda nayo studio. Mawe nimeyakata. Maji nimeyakata. Mbingu nimeitoa. Nimejikuza mpaka nikajaa, nimejiweka katikati, nyuma nikatia buluu, vivuli nikafuta. Masikio hayaonekani, kwa sababu zinazoeleweka. Nimeirudisha kwenye msumari.

Mke wangu karudi na kaka yake. Wamesimama mbele ya picha muda mrefu. Shemeji kauliza kwa upole kama ni boga. Mke wangu kaenda stoo, kaleta picha yangu ya cheti, kasema bora hii, nayo kaitundika yeye mwenyewe.

Msumari nimeurudisha! Na nimemwona shemeji akitoka kichwa chini. Wivu ni kitu kibaya sana, utamla yule kijana.