Uwiano wa Sita na Kiti cha Marehemu

Jumapili, 2 Machi

Leo kikundi cha akiba cha mke wangu kimekutana. Mkutano wa kumi na nne tangu tumzike. Nahesabu. Nafasi yake nimepewa mimi, na kiti chake pia. Kina mguu mmoja mfupi. Alikichagua mwenyewe ili mwingine asipate tabu. Nikiyumba, lazima mmoja wa akina mama amkumbuke. Leo wamesema hakuwa na uwezo wa kujumlisha bila kung'ata kifuniko cha kalamu. Kweli kabisa! Vifuniko vyote nyumbani vina meno yake. Huko nyumbani hakuna anayemtaja tena. Ni hapa tu.

Halafu akaingia shemeji, mdogo wake marehemu, karani wa malipo hospitalini. Anaomba kujiunga. Sheria ya kikundi: familia moja, nafasi moja. Kwa hiyo ni yeye au mimi.

Mkunga, mwenyekiti wetu, akasema hana haraka. Kikundi kinataka kuweka akiba yake kwenye mfuko wa hisa, ile mifuko inayouzwa sokoni kama hisa moja lakini ndani ina kampuni nyingi. Ipo miwili ya kuchagua. Shemeji na mimi tuitazame, tulete ushauri tarehe kumi na sita. Alisema tushauriane. Mimi nilisikia vita.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka la cherehani saa nne, nikaenda kwa dalali wa hisa. Dada wa kaunta ni mpole, ana mafua. Nikamuuliza mtu anajuaje kama mfuko ni ghali. Akanifundisha uwiano wa bei na faida: chukua bei ya hisa, gawa kwa faida ambayo hisa hiyo imeleta mwaka mzima. Ukipata kumi, maana yake unalipia faida ya miaka kumi. Namba ikiwa ndogo, umenunua rahisi. Akaongeza kwamba kuna mambo mengine ya kuangalia, lakini akapiga chafya, nami nilikuwa nimeshasimama.

Karatasi za mifuko yote miwili zilikuwa kwenye kaunta. Nikazibeba zote. Zote! Thelathini na kitu, ndani ya koti. Shemeji akifika, atakuta meza tupu.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amezipata kwenye simu yake. Ameniuliza kama nami nazitaka, anitumie.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga hesabu asubuhi yote juu ya karatasi ya kukatia mitindo. Mfuko Mkubwa: kampuni kumi na tano, zote kongwe, kila moja na uwiano wake. Wastani ni kumi na nne. Ghali! Mfuko Chipukizi: kampuni kumi na tano pia, lakini sita hazina uwiano. Zimewekewa kistari tu, maana mwaka jana zilipata hasara.

Kistari hakinisumbui. Miaka ishirini na mbili nashona sare za shule. Ukienda kupima darasa, kuna watoto hawajaja. Unafanyaje? Unapima waliopo, unatafuta wastani, wasiokuwepo unawakatia wastani huohuo. Nikafanya hivyohivyo. Kampuni tisa zilizopo, wastani wake ni sita. Zile sita zisizokuwepo, nazo nikazipa sita.

Uwiano wa sita! Hata nusu ya bei ya Mkubwa haifiki! Nilitaka kumwita mke wangu aje aone. Niligeuka kabisa, mdomo wazi.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekuja dukani na sketi ya kupunguzwa kiuno. Kisingizio. Akaona karatasi yangu ukutani, akasimama pale muda mrefu. Akauliza, shemeji, hivi vistari umevifanyia nini? Nikamwambia hivyo ni siri ya ufundi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tungeweza kusimama pamoja siku ile, ushauri mmoja, na sheria ya familia moja wataona wenyewe wafanyeje. Ana sauti ya dada yake akisema kwa chini. Sikupenda.

Nikamwambia sketi itakuwa tayari Jumatano. Nikamtoza bei kamili.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa nini nisubiri akina mama? Wakishanunua, bei itapanda. Nimechukua fedha za vitambaa vya sare za muhula, nimenunua Chipukizi kwa jina langu. Dada wa kaunta akauliza mara mbili kama nina uhakika. Mafua yamemwishia, sasa anaongea zaidi. Akauliza pia kama ni mimi niliyechukua karatasi.

Jumapili, 16 Machi

Siandiki mengi. Mkono hautaki.

Nilisimama wa kwanza. Nikabandika karatasi, nikaeleza vizuri, bila kukwama. Sita dhidi ya kumi na nne. Akina mama wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikaona kiti ni changu.

Shemeji hakuwa na karatasi. Akauliza tu: tukinunua mfuko huu, zile kampuni sita za hasara tunaziacha mlangoni? Akasema hatuziachi, tunazilipia. Basi bei yao iingie, na hasara yao iingie. Akaandika ubaoni. Chukua mfuko wenye thamani ya elfu moja na mia mbili. Kampuni tisa zimeleta faida mia na hamsini. Kampuni sita zimekula mia na thelathini. Inabaki ishirini. Gawa.

Sitini.

Mkunga akavua miwani. Akauliza nani humu ndani ana miaka sitini ya kusubiri, maana yeye ana miadi ya magoti Jumanne. Wakacheka. Nikajitetea kwa mfano wa sare na watoto wasiokuwepo. Kosa kubwa! Mkunga akanitazama. "Kumbe! Ndiyo maana mjukuu wangu alisoma mwaka mzima ameshika suruali kwa mkono! Siku ya kupima alikuwa na surua!"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nami nilikaa kwenye kiti, kikayumba, na safari hii hakuna aliyesema kitu juu ya marehemu.

Wamechagua Mkubwa. Nafasi wamempa shemeji. Mlangoni Mkunga alinishika mkono, akasema, fundi, usinune. Nafasi ni ya vitabu tu. Wewe njoo ukae. Nani alikwambia tunakutaka kwa hesabu? Ukiwepo, na mkeo yupo kidogo.

Nikamjibu nina kazi nyingi. Sina kazi. Sina vitambaa.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu mkuu ametuma mtu kuuliza sare. Nimesema zinakuja. Mtu akauliza kutoka wapi, nikasema kutoka kwenye uwekezaji. Amelipeleka jibu hilo hivyohivyo. Nasikia oda imeenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona vishikizo kwa gundi.

Ijumaa, 28 Machi

Chipukizi imeanguka. Theluthi nzima ya bei, ndani ya wiki moja. Nilikaa dukani nimeshika tama, nusu saa hivi. Halafu nikachukua kalamu. Bei imeshuka, faida iliyoandikwa kwenye karatasi ni ileile. Nikagawa tena.

Uwiano ni nne! Ulikuwa sita, sasa ni nne! Mfuko umezidi kuwa rahisi, na hakuna anayeona!

Dada wa kaunta anasema karatasi ni ya mwaka jana, hesabu mpya hazijatoka, na huenda hata zile kampuni tisa zimeanza kuyumba. Anasema bei inajua jambo ambalo karatasi haijui. Maneno ya mtu asiyethubutu. Kesho namuuzia fundi wa gundi mashine ya pili, ninunue zaidi.

Jioni shemeji amepita. Hakutaja hesabu. Amesema Jumapili akina mama wanakutana, wameniwekea kiti, na Mkunga ana kisa cha mke wangu ambacho hata yeye, ndugu yake wa damu, hajawahi kukisikia. Hataki kukisimulia mpaka niwepo. Akauliza, shemeji, tukungoje?

Nimemwambia wasubiri. Nitakuja siku uwiano ukifika mbili.