Sweta Limelala, Mkweo Yuko Benchi

Kwa Mama Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na sweta pia halijambo.

Mama, najua mkwe hainui sauti mbele ya mkwewe. Lakini sweta ulilonifumia kwa mikono yako, pamoja na maagizo ya kulitunza uliyompa binti yako, vimenifikisha pabaya. Kwa unyenyekevu naleta malalamiko yangu.

1. Maji. Ulisema lifuliwe kwa maji ya uvuguvugu. Mke wangu huyapima kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto mchanga, na yakipoa huongeza ya birika. Birika likiisha, mimi naambiwa maji ya bomba hayajawahi kuua mtu. Sabuni yenye marashi ni ya sweta; mimi najisugua na kipande cha sabuni ya mche.

2. Ulikataza kulikamua. Basi huviringishwa ndani ya taulo na kukandamizwa polepole. Taulo tunalo moja. Mimi nasimama katikati ya chumba nikipunga mikono mpaka nikauke.

3. Lisianikwe kwenye kamba, litarefuka. Lisipigwe na jua, litapauka. Lilazwe kivulini, juu ya kitu kipana kilichonyooka. Mama, katika nyumba yetu kitu cha namna hiyo ni kitanda tu. Tangu baridi ianze na nguo zigome kukauka, kitandani amelala sweta na kwenye benchi nimelala mimi. Binti yako huligeuza ubavu lisichoke. Nilipomwambia mgongo unaniuma, alisema nipunguze sauti, linakauka.

4. Kazi. Mimi ni fundi baiskeli, mikono yangu haiachani na grisi, kwa hiyo nimepigwa marufuku kuligusa. Nikitaka kulivaa nainua mikono juu kama niliyevamiwa na majambazi, navalishwa. Siku niliyokwenda nalo kazini, mke wangu alikuja nami akakaa kwenye kigoda, tayari kunikuna panapowasha. Sikushika hata spana. Nilishinda natoa ushauri tu. Mteja mmoja aliniuliza kwa huruma nimeshtakiwa kwa kosa gani.

5. Jirani yetu mwashi alibisha hodi kuulizia hali. Nikamjibu sijambo, nashukuru. Akasema, "Si wewe, bwana. Nauliza sweta."

Kwa hayo, naomba uamue moja kati ya mawili. Ama ulichukue sweta lako likaishi kwako, ama uniandikie na mimi maagizo: nioshwe kwa maji ya uvuguvugu, nisikamuliwe, nilazwe palipotandikwa. Mimi pia ni kazi ya mikono, Mama. Sikununuliwa dukani.

Nisalimie sana Baba Mkwe. Nasikia umeanza kumfumia suruali. Mwambie atafute benchi mapema. Shemeji zangu wote nawasalimu, wakubwa kwa wadogo.

Nabaki mtiifu wako, nikitetemeka kwa adabu na kwa baridi,

Mkweo, fundi baiskeli

Nimesahau: Yule mwashi amesikia shida zangu, akaja na mfuko, eti alichukue sweta, anitue mzigo. Nimemfungia mlango usoni, na sasa hatusemezani. Kisha nikaingia kulitazama. Dirisha la chumbani linapitisha upepo, nikalifunika sweta kwa koti langu. Tafadhali usije kulichukua. Na kama uzi umebaki, naomba kofia. Italala upande wa binti yako, nimeshamtafutia benchi.