Utepe wa Mtondoo

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mke wangu Shamsia kaondoka. Yuko Kibondo kwa kaka yake, Khatibu. Kosa langu? Kaseti moja! Ndege walikuwa wanamaliza mpunga wetu wa Nyakitonto. Nikachomoa utepe wa kaseti yake ya mwanamuziki marehemu Rajabu Mtondoo, nikaufunga kwenye vijiti shamba zima. Upepo ukipiga, utepe unalia, ndege wanakimbia. Wakulima wengi hufanya hivyo. Miaka ishirini nimemvumilia huyo mzee wa dansi, wimbo mmoja dakika kumi na mbili analalamika hajajibiwa barua. Kumbe kaseti alipewa na marehemu mama yake. Kasema harudi mpaka amsikie Mtondoo tena.

Jumanne, 6 Mei
Mpango: kuurudisha utepe na kujifanya najuta. Nimeufungua kijiti kwa kijiti, nimeuviringisha kwa kalamu. Jirani yangu Leonidasi kapita, kauliza mwaka huu navuna mpunga au nyimbo. Nimemeza hasira. Redio yetu ya kaseti Shamsia kaondoka nayo, iliyobaki mtaani ni yake.

Jumatano, 7 Mei
Tumeunga vipande kwa selotepu. Mtondoo anayumba kama mlevi. Kero tupu! Ila kila kiungo lazima kijaribiwe, kwa hiyo nimemsikia mara nne. Mara ya nne nikagundua kuna gitaa la pili, chini kabisa, linamjibu. Ajabu.

Ijumaa, 9 Mei
Mara ya kumi na moja. Halalamiki! Anajua barua haiji. Anakwenda posta kila siku kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Na kwangu hakuna mtu. Nimelia. Leonidasi akajifanya anatafuta betri. Miaka yote Shamsia alikuwa anasikiliza haya, na mimi nampigia kelele apunguze sauti. Inaniuma sana.

Jumapili, 11 Mei
Kibondo. Khatibu kanikaribisha vizuri, shemeji huku, shemeji kule. Shamsia kasikiliza amefumba macho. Akayafumbua. Akauliza, ubeti wa tatu uko wapi? Ulikatikia shambani. Hapo ningesema samahani. Badala yake nikamweleza kwamba bila ubeti huo wimbo umekaa vizuri zaidi, na kwamba yeye miaka yote kasikiliza sauti tu, gitaa la pili hajalisikia. Nimefafanua nusu saa. Khatibu akatoka nje. Shamsia akaniambia taratibu, "Baba Firdausi, huo ubeti ndio mama alikuwa anauimba." Kaseti akabaki nayo. Mimi nikasindikizwa stendi.

Jumatatu, 12 Mei
Nyumba kimya. Nimemkumbuka Mtondoo. Shamsia nimemkumbuka zaidi, na sijui nimwambieje. Tena ndege wamerudi, wamejaa mpungani! Nimepekua sanduku la Shamsia nitafute chochote cha kuwafukuza. Chini kabisa, ndani ya kanga, kuna mkanda wa video wa harusi yetu. Deki iliharibika zamani, nani atauangalia? Utepe wake mpana, mweusi, mrefu! Utavuma mpaka Nyakitonto nzima isikie. Kesho alfajiri naufunga. Shamsia akirudi atakuta mpunga wote upo salama. Atafurahi sana.