Malalamiko Kuhusu Kuondolewa kwa Fundi wa Kufuli Katika Sehemu ya Sita

Kwa Meneja wa Ukumbi wa Sinema

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na yule dada anayekata tiketi bila kuinua macho. Mimi ni yule mama wa safu ya nne, kiti cha pembeni. Ninaandika kuhusu filamu ya wachawi wa mlimani, sehemu ya sita, niliyoitazama Jumamosi iliyopita. Naomba uwafikishie haya walioitengeneza, kwa kuwa anwani yao sina.

Kwanza nijieleze. Sehemu tano za mwanzo nilizitazama na marehemu mume wangu, fundi wa kufuli. Picha ninaziona vizuri, ila yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini yalikuwa kwangu kama sisimizi. Yeye ndiye aliyenisomea sikioni, kwa sauti ya chini, mikono ikinuka mafuta ya mashine. Nikitaja miwani, alisema miwani ya nini na yeye yupo. Alifariki miezi minane iliyopita, kabla ya hii ya sita kutoka. Nimenunua miwani, nimekuja peke yangu, nimesoma kila neno. Nimesikitika kwa sababu zifuatazo:

1. Yule joka. Tangu sehemu ya kwanza tunajua kwamba ni mama mkwe wa yule mchawi kijana. Ndiyo maana kila walipokutana kijana alirudi nyuma na kuinamisha macho. Mume wangu alinieleza kwamba ule moto haukuwa ukali, mama wa watu alikuja tu kuuliza binti yake anaishije. Katika ya sita kijana anamchoma mkuki wa shingo mbele ya watu, hata shikamoo hakumpa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

2. Mzee wa ndevu nyeupe. Zamani alikuwa mtu wa maneno ya maana. Aliwauliza vijana kama wamekula, aliwaonya wasikalie mawe ya baridi, alilalamikia magoti. Sasa anasimama juu ya mwamba dakika kumi akizungumzia giza na nuru na hatima, joho limejaa upepo kama pazia. Nilisoma yote. Magoti hayatajwi. Mtu mwenye magoti yale hawezi kupona kati ya sehemu ya tano na ya sita.

3. Filamu inachukua saa tatu kasoro dakika chache, na hakuna hata mmoja aliyekwenda chooni. Zamani mchawi akitoweka kwenye picha, niliambiwa amekwenda wapi.

4. Hili ndilo kubwa. Fundi wa kufuli ameondolewa. Najua hamkuwahi kumwona, maana kazi zake alizifanyia chini ya mlima na hakupenda kupigwa picha. Lakini milango yote ya sehemu tano aliifungua yeye. Mchawi alinyoosha fimbo, akasema neno lake, watu wakadhani ni uchawi, kumbe fundi alishapita asubuhi, akachukua alama ya ufunguo kwa kipande cha sabuni, akachonga mwingine, akatia bawaba mafuta. Mume wangu hakukubali hata siku moja kwamba kufuli linaweza kufunguka kwa kusemeshwa. Alisema huko ni kuwatukana watu na kazi zao.

Sasa katika ya sita lango la chuma, urefu wa ghorofa tatu, linafunguka kwa fimbo tu. Hakuna anayeuliza fundi yuko wapi. Kama ameacha kazi, tuambiwe. Kama amekufa, filamu ingesimama kidogo, wale wachawi wavue kofia, mmoja wao aseme kwamba alikuwa mtu mwema na hakumharibia mtu mlango. Haifai mtu atumike sehemu tano, kisha milango iendelee kufunguka kana kwamba hakuwahi kuwapo.

5. Kwa hiyo naomba filamu ipigwe upya. Joka afufuliwe na aombwe radhi na ukoo mzima. Mzee arudishiwe magoti yake. Fundi aonekane safari hii, hata mgongo tu, ameinama mlangoni, penseli sikioni. Kama hawajui afananeje, ninayo picha ninayoweza kuwaazima. Naomba irudishwe.

Nisalimie dada wa tiketi, mwendesha mashine huko juu, na yule anayefagia bisi baada ya watu kutoka.

Ni mimi, kwa heshima na masikitiko,
Mama wa safu ya nne

N.B. Barua hii sikuwahi kuipeleka posta. Jana mkarudia sehemu ya kwanza, nikaja na miwani yangu. Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Joka si mkwe wa mtu. Fundi hayumo, hayumo kabisa. Wenye filamu hawana kosa, na malalamiko yote nayafuta. Ila mama aliyekaa kando yangu, macho yake kama yangu ya zamani, aliniuliza kwa nini yule kijana anamkimbia joka. Maandishi nilikuwa nayaona vizuri sana. Nikamwambia ni mama mkwe wake. Basi naomba mzirudie zote kwa mpangilio mpaka hiyo ya sita, tutakuja sisi wawili. Lile lango la chuma ni refu, na fundi atahitaji kuanza kazi mapema.