Nilivyonunua Mwiko Kariakoo

Wenzangu, leo nimefedheheka. Barua hii mtapewa na jirani anayepanda garimoshi kesho, maana uwanja mzima wa nyumba yetu umeshasikia, na ni heri mlisikie jambo hili kwangu kabla halijatiwa chumvi.

Mnajua kwamba tangu nitoke kwenye shamba la mkonge nalala kwa dada yangu Zuhura hapa Kariakoo. Chumba ni chake na mumewe, mkeka wa ukumbini ni wangu. Ijumaa alikuja mkwewe kutoka Bagamoyo, Bi Mwajuma. Mama huyu hali chakula. Si mgonjwa, hali tu. Samaki ana shombo, kunde zinamjaza tumbo, mchuzi una tui jingi, kesho yake tui ni haba. Siku tatu anakunywa chai na kumega mkate. Sahani ya dada inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Leo alfajiri nilimsikia shemeji Rajabu nyuma ya pazia.

"Mama anasema akirudi Bagamoyo na njaa, ataniletea binti wa mjomba. Mwanamke wa kupika."

"Nawe umemjibu nini?"

"Ni mama yangu, Zuhura."

Nilisikia dada anafunga kanga, anaifungua, anaifunga tena.

Akanijia na shauri. Yeye atampeleka mkwewe Ilala kusalimia ndugu, warudi adhuhuri. Mimi nipike, yeye apakue kama kapika mwenyewe. (Nilipata kuosha masufuria jikoni kwa Mzungu miezi minne, basi kwa dada mimi ni mpishi.) Akaanza kunitajia vya kununua.

Sasa hapo ndipo. Wakati uleule Mwarabu wa duka la mbele alikuwa anaijaribu santuri yake mpya, nami nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nione ile sindano inavyokwaruza sahani na kutoa sauti ya mwanamke. Mwanamke gani? Anapumua saa ngapi? Nyuma yangu dada anasema, nami nadaka vipande: nazi mbili... mchele... ndimu... pweza, mwiko.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hebu nirudishie la mwisho."

"Pweza, mwiko."

"Haya. Usinitie aibuni, mdogo wangu."

Nikaenda sokoni. Pweza nilipata wa asubuhi ileile. Kuhusu mwiko, nilikumbuka kwamba wa nyumbani umepasuka kichwa, nikaona kweli dada hasahau kitu. Lakini sikutaka kununua kidogo siku kubwa kama hii. Nikachagua mwiko mrefu kama kasia.

"Mna harusi?" muuzaji akaniuliza.

"Tunazuia harusi," nikamwambia.

Nilimpigapiga pweza juu ya jiwe uani mpaka jirani yetu Mama Hadija akauliza nani anafua nguo nzito vile. Nikamchemsha, nikamchuna ngozi yote na vikombe vya mikononi mwake, nikamkata vipande vidogo kwa kuyaonea huruma meno ya mama yaliyobaki, nikamtia kwenye tui zito na ndimu. Mwiko ulikataa kuingia chunguni. Nilipoulazimisha ulitaka kupindua wali, nikausimamisha ukutani, nikatumia upawa.

Adhuhuri wakarudi. Dada akapakua haraka bila kuuliza, akaweka mbele ya mkwewe na mumewe. Mimi nikajibanza mlangoni.

Bi Mwajuma alifunua kawa. Akanusa. Akachukua wali kidogo kwa ncha za vidole, akachovya, akatafuna polepole. Akachukua tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza. La tatu. Shemeji aliacha kula, akabaki anamtazama. Dada akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Niongeze mchuzi, mwanangu," mama akasema.

Mwanangu. Siku tatu alikuwa akimwita "wewe".

Alipomaliza sahani ya pili akajifuta mdomo. "Nyama gani hii? Kuku si kuku, kamba si kamba."

Dada akanitazama. Nami nikajitokeza, kifua mbele.

"Pweza, mama. Wa leo leo. Dada ndiye aliyeagiza."

Mama akauweka mkono wake juu ya mkeka kama kitu kisicho chake. Dada akapauka uso.

"Rajabu," mama akasema taratibu, "mkeo amenilisha mwiko wa ukoo wetu."

Mimi, wenzangu, nilisikia neno moja tu.

"Na mwiko upo, mama, nimeuleta." Nikakimbia uani, nikarudi nao, nikausimamisha mbele yake kama askari na bunduki.

Nikaona uso wa dada, na ndipo likaniingia.

"Nilimwambia pweza *ni* mwiko," dada akasema, sauti inakatika. "Nikamtaka arudie. Akarudia."

"Mnanidanganya," mama akasema. "Hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Mmepanga."

Hapo nikaelewa kwamba nisipothibitika kuwa mjinga, dada yangu ana mke mwenza. Nikapiga magoti.

"Yupo, mama. Ni mimi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la pili, mama. Nilimfuata mtu mwenye nyani."

"Ni kweli, mama," shemeji akadakia, na kwa bidii iliyonichoma. "Mwezi uliopita alifungua saa yangu aone kinachogonga. Vipande vingine havijaonekana."

"Na kwa Mzungu nilifukuzwa," nikaongeza, "kwa kuonja dawa ya viatu."

Nyuma ya ukuta Mama Hadija alicheka mpaka akakohoa. Bi Mwajuma hakucheka. Aliuchukua mwiko, akaunusa kichwa na mpini, akaona haujagusa chakula. Akaupima kwa macho, kisha akakipima chungu.

"Nyumba ya watu wanne, mwiko wa watu mia," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Rajabu, wewe ndiye uliyemweleza mkeo kwamba sili pweza?"

Shemeji akatazama chini. "Nilisahau, mama."

"Sasa alijuaje?"

"Ulinieleza mwenyewe, mama," dada akasema. "Siku ya harusi, nilipokuosha miguu. Ulisema mara moja tu."

Mama akasukutua mdomo mara tatu, akajikagua mikono kama imetoka mabaka ya aliyevunja mwiko. Haikutoka. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Zuhura, nipikie kitu kwa mkono wako. Chochote. Nitakula."

Dada akapika mchicha na wali. Mama akala, akalalamika chumvi, akamaliza. La binti wa mjomba halikutajwa tena. Amesema atakaa hapa mpaka mfungo, kwa sharti moja, kwamba mimi nisiwemo ndani ya nyumba hii.

Basi narudi huko kwenye mkonge Jumamosi. Nawaomba mcheke sasa, mcheke mpaka mchoke, ili nikishuka garini mnisalimie kama watu.